Siku ya Tatu Chukua Jembe: Mwongozo wa Kumsikiliza Mwanamuziki Mzima

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanamuziki nao hutupokea hivyo. Ukifika na wimbo wa kwanza, unakaribishwa sebuleni na kupewa kiti chenye mto. Kwa wimbo wa pili unaletewa maji ya kunawa na bukari la moto na sombe. Wa tatu ukianza, mwenye nyumba anakutoa nje na kukuonyesha shamba lote: nyimbo mia nyingine, santuri zilizokwaruzika, kaseti zisizo na majina. Wengi hapo hukumbuka ghafla kwamba waliacha maji jikoni. Mwongozo huu umeandikwa kwa wale watakaolipokea jembe.

Mimi nalima nikiwa Likasi, mtaa wa Kikula, na shamba langu la kwanza ni la mtu ambaye sauti yake ilikamatwa kwenye barabara za mji huu huu. Basi fuata hatua hizi, na usiruke hata moja.

Anza na wimbo unaoujua bila kujua kwamba unaujua. Kwetu Haut-Katanga wimbo huo ni “Masanga” wa Mwenda Jean Bosco. Utamkuta kijana mwenye gitaa la kuazima, hajui jina la wimbo wala la mtunzi, lakini vidole vyake vinatafuta ile njia. Ameipata kwa mjomba, na mjomba aliipata kwa jirani wa kambini. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini na kuzunguka na mitambo yake ya kurekodi, alifika hapa, wakati huo mji ukiitwa Jadotville. Akamkuta Mwenda, kijana aliyezaliwa mwaka 1930, akipiga gitaa. Akamrekodi. Santuri zikatoka kwa nembo ya Gallotone na kusambaa hadi sehemu ambazo Mwenda hakuwahi kuzisikia hata kwa jina. Shika wimbo huo kama unavyoshika uzi wa sweta uliofumuka, kisha vuta polepole.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wenye haraka: jifunze majina yake yote. Ukimtafuta kwa jina moja utapata robo yake. Kuna Mwenda Jean Bosco, kuna Jean Bosco Mwenda, kuna Bosco Mwenda, kuna Mwenda wa Bayeke. Hao ni mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilitaka watu waache majina ya ubatizo, na Jean Bosco akabaki na jina la ukoo wake. Bayeke ni watu wa mfalme Msiri, ambao wazee wao walitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, wakaifuata shaba ya Katanga katika karne ya 19 na kuweka makao Bunkeya. Mwenda lilikuwa pia jina la Msiri mwenyewe. Kwa hiyo unapoandika “wa Bayeke” unapotafuta rekodi, unaandika pia safari ya watu kutoka Tanzania hadi migodi yetu. Mji nao ulikuwa na mambo hayo hayo. Jadotville, jina la Mbelgiji Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa mtaji uliokuwa nyuma ya kampuni ya shaba ya Union Minière, ikawa Likasi mwaka 1966. Elisabethville ikawa Lubumbashi. Kwenye maandishi ya santuri utakutana na majina ya kale, na usipoyajua utadhani Masanga ilirekodiwa nchi nyingine. Yaandike majina yote kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, upande wa kushoto ya watu, upande wa kulia ya miji.

Nimetaja daftari, basi niseme vifaa. Unahitaji daftari la mistari, kalamu mbili (ya pili ni ya mtoto atakayekuja kuazima ya kwanza), spika ndogo iliyochajiwa wakati umeme upo, maana umeme una ratiba zake, na kiti kisicholia. Kiti kinacholia kitakuharibia nyimbo za Mwenda kabisa, kwa sababu katika rekodi zile kuna kimya kidogo katikati ya noti, na kimya hicho ndicho nusu ya utamu. Karanga ni hiari. Mimi nazikataza kwenye rekodi za miaka ya 1950, nazikubali kuanzia 1970.

Simu unayo. Sokoni wapo vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi ya simu kwa bei ya vocha ndogo, na ni watu wa maana sana kwa kazi hii, lakini waendee ukijua unachotaka. Ukimwambia “nijazie muziki wa zamani”, atakujazia Franco, Tabu Ley, Mbilia Bel na kipande cha mahubiri. Mwambie jina, mwaka, na ikibidi mwimbie. Nimewahi kuimba mbele ya meza ya namna hiyo, watu wakasimama, na mama muuza mkaa akamalizia ubeti nilioukosa. Yule kijana hakuwa na wimbo wenyewe, lakini siku ile nilirudi nyumbani na ubeti mzima.

Sasa fuata miaka, usifuate umaarufu. Hapa nakusihi kwa moyo wote. Orodha za kwenye simu zinakuwekea mbele wimbo uliosikilizwa zaidi, na matokeo yake unamjua mtu kwa tabasamu lake moja. Panga rekodi kuanzia ya kwanza. Santuri za zamani zile za mizunguko 78 zilibeba takriban dakika tatu kila upande, na ukisikiliza kwa mpangilio utaona jinsi Mwenda alivyojifunza kuishi ndani ya dakika tatu: gitaa linaingia peke yake, linajieleza, sauti inakuja, inasema neno lake, inamwachia gitaa nafasi lirudi kutembea, halafu mlango unafungwa. Katika dakika hizo tatu mtu ana nafasi ya kubadilisha mwendo mara nyingi. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika makala ndefu mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika jarida la African Music, kuhusu namna Mwenda alivyokuwa akibuni papo hapo, noti kwa noti. Mimi nilidhani nimezisikiliza nyimbo hizo, hadi nilipojua kwamba kuna mtu aliyekaa na kuziandika moja moja. Nikaanza upya, bila karanga.

Utakutana na majina ya nyimbo kama “Kijana Muke” na “Mama na Mwana” na “Bombalaka”. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atapata hamu ya kusahihisha “muke” iwe “mke”. Mshike mkono. Hiki ni Kiswahili cha kambi za wafanyakazi, kilichokua pale ambapo Union Minière ilikusanya Waluba, Wabemba, Walunda na watu kutoka Rwanda na Burundi ili wayeyushe shaba pamoja, na wakahitaji lugha ya kugombania maji bombani na kuombea mikopo. Muke ni muke. Ukimsahihisha Mwenda, umemhamisha nyumbani kwake.

Hatua inayofuata haifanyiki kwa simu. Tafuta mzee. Si lazima awe mwanamuziki, bora asiwe. Wangu anaishi mtaa wa Panda, alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na mwaka 1952 alikuwa mtoto wa miaka minane. Nilikwenda kwake na spika yangu, nikiwa nimejaa elimu ya majina na miaka. Nikaweka Masanga. Nikaanza kumweleza habari za Tracey.

“Mutoto,” akanikatiza, “unasikia kidole gani?”

Sikuelewa swali.

“Ule mutu alikuwa na gitare moya, lakini weye unasikia mbili. Sikia kidole gumba. Achana na kingine.”

Turudie hapo, maana ndipo kiini cha mwongozo huu kilipo. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene kama mtu anayekwenda kazini. Shahada inacheza juu kama mtoto anayerudi shule. Na viwili hivyo havikanyagi pamoja, kila kimoja kina hesabu yake, kisha vinakutana mahali usipotarajia. Mimi kwa miaka nilikuwa nasikiliza mtoto tu. Mzee akanilazimisha nimfuate mfanyakazi kwa wimbo mzima, halafu wimbo ule ule tena nimfuate mtoto, halafu mara ya tatu nijaribu wote wawili. Mara ya tatu nilipoteza wote. Akaniambia nirudi kesho.

Nilirudi kesho, na kesho yake. Siku ya nne nilimsikia mfanyakazi na mtoto kwa pamoja kwa sekunde kumi hivi, kwenye barabara moja, na siwezi kukueleza furaha ile. Ukishaipata, ndipo uendelee na wimbo unaofuata. Usiende kabla.

Baada ya hapo jamaa zake. Mwanamuziki hana shamba lisilopakana na la mtu. Edouard Masengo, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa binamu ya Mwenda, na wote wawili walifika Nairobi miaka ya mwisho ya ukoloni. Huko redio na makampuni yaligundua kwamba gitaa la Katanga linauza bidhaa: Mwenda akawa sauti ya dawa ya Aspro, Masengo akaitangaza Coca-Cola. Wapo wanaosikitika wakisikia hivyo. Mimi sisikitiki. Matangazo yale yaliwafikisha kwenye masikio ya vijana wa Kenya ya magharibi waliokuwa na magitaa yao. Sikiliza George Mukabi, kisha rudi kwa Mwenda, kisha Mukabi tena, na mfuate gumba kama mzee alivyosema. Utasikia mtu aliyelijibu gitaa la Katanga kwa lugha na mwendo wa kwao. Masengo mwenyewe msikilize jioni. Sauti yake ni ya mtu anayekusalimia akiwa bado mbali njiani, na ukianza asubuhi utakuta siku imekwisha nawe bado unaitikia.

Badili shamba kabla hujachoka, ndiyo kanuni inayofuata, na hapa Likasi hatuhitaji kwenda mbali. Ilunga wa Ilunga, ambaye Afrika Mashariki yote inamjua kwa jina la Baba Gaston, alizaliwa hapa mwaka 1936. Aliunda bendi ya Baba National Lubumbashi mwaka 1956, akahamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1975 akatua Nairobi. Kila Desemba Wakenya hupika, hupaka rangi kuta na hupanda magari ya kwenda kijijini wakisikiliza “Kakolele” yake, na wengi wao hawajui kwamba mwenye wimbo alianza kulia kwa mara ya kwanza katika mji wa shaba. Onyo pekee: usianze naye mwezi Desemba. Utausikia wimbo mmoja tu mpaka mwaka mpya. Anza Machi, mvua zikianza kuchoka, ukutane kwanza na yule kiongozi wa bendi aliyejua kupanga watu wengi jukwaani bila yeyote kumkanyaga mwenzake.

Halafu Super Mazembe. Hawa walianza Kongo kama Super Vox chini ya Mutonkole Longwa Didos, wakapita Zambia, na mwaka 1974 wakafika Nairobi, ambako walijiita kwa jina la mitambo mikubwa ya kuchimbua ardhi. Mkatanga hawezi kulisikia neno Mazembe bila kuona pia jezi nyeusi na nyeupe za timu ya Lubumbashi, kwa hiyo kaa na kelele hizo kidogo kichwani, kisha zitulize. Zoezi langu kwao ni hili: chukua “Shauri Yako”. Wimbo huo ni wa Nguashi Ntimbo, ambaye aliurekodi pia na Festival du Zaïre. Weka rekodi mbili hizo moja baada ya nyingine, mara tatu. Mara ya kwanza utachagua upande. Mara ya pili utaona aibu kwa kuchagua. Mara ya tatu utaelewa kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na nyumba mbili, na hakuna aliyeibiwa.

Kwa Franco Luambo sina mengi, kwa sababu hilo si shamba, ni wilaya. Bendi yake ya OK Jazz ilianza mwaka 1956, yeye akafariki Oktoba 1989 huko Ubelgiji, na katikati hapo hakuna mwaka uliolala. Mgawe kwa miongo. Beba maji. Ukifika kwenye “Mario” ya 1985, ambayo inaujaza upande wa santuri, kumbuka dakika tatu za Mwenda uone muziki wetu ulivyopata muda wa kunena: Franco anakaa, anaweka miguu juu ya meza na anaongea na mtu mzima kuhusu aibu zake mpaka jirani anazima redio yake ili asikilize yako.

Sasa nifike kwenye pengo, maana kila anayelima kwa bidii atalifikia. Utafika mahali ambapo daftari lako lina kichwa cha wimbo na mwaka, lakini sauti huna. Umeuliza sokoni, umeuliza Lubumbashi, umemtumia ujumbe binamu aliyeko Ndola. Hakuna. Usikate tamaa, uliza wimbo unalala wapi. Sauti nyingi alizozikusanya Tracey ziko katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, International Library of African Music, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Mwaka 1982 Mwenda alirekodiwa Ujerumani na mtafiti Gerhard Kubik. Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alikuja kwetu kuwatafuta wakongwe wa gitaa la Katanga, na mwaka huo huo wa 1982 kitabu chake, Shaba Diary, kikachapishwa Vienna. Mwenda mwenyewe alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Shamba la mtu wa Likasi limegawanywa vipande na kupandwa kwenye mabara matatu, na mtoto wa mtaa wa Shituru anayetaka kumsikia vizuri babu wa mji wake hana budi kuomba kwa barua pepe.

Hilo linaniuma, na nalisema wazi. Si kwamba waliozihifadhi walikosea. Wasingezihifadhi, tungekuwa na hadithi tu. Ila najua kwamba inawezekana kurudisha. Mwaka 1950 Tracey alirekodi wimbo wa Wakipsigis wa Kenya uitwao “Chemirocha”, na miongo kadhaa baadaye maktaba ile, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, iliwapelekea Wakipsigis rekodi zao, na baadhi ya waliokuwa wameimba miaka ile walipatikana wakiwa hai. Mimi nauota mchana kabisa mkusanyiko kama ule hapa Kikula: viti vya plastiki, spika mbili, wazee mbele, watoto wakikaa chini, na mtu anasoma majina kutoka kwenye orodha, “Jadotville, 1952,” halafu gitaa linaingia. Ukifikia pengo, kwa hiyo, kazi yako ni kuandika barua. Andika kwa adabu, taja wimbo, taja mwaka, taja mji kwa majina yake mawili. Mimi nimeandika yangu.

Hatua ya mwisho inahitaji siku nzima na mzee yule yule. Mwaka 1988, Mwenda akiwa na miaka 58, aliingia studio Cape Town na kupiga tena nyimbo zake, Masanga ikiwemo. Miaka miwili baadaye alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia. Zisikilize Masanga mbili hizo kwa siku moja, ya kijana na ya mtu mzima, na katikati yake usiongee. Kunywa chai. Ya kwanza ina mtu anayetaka kuonyesha kila alichonacho kabla mzungu hajazima mashine. Ya pili ina sauti iliyoshuka na kuongezeka uzito, na mtu asiyemkimbilia yeyote. Studio ni safi kiasi kwamba unasikia ncha ya kidole ikiachana na uzi.

Nilizipeleka zote Panda Jumapili moja mchana. Mzee aliisikiliza ya 1952 akiwa amefumba macho, mkono wake wa kulia juu ya mkono wa kiti, gumba likigonga mbao. Tukanywa chai. Nikaweka ya 1988. Hakufumbua macho. Nikamtazama mkono: lile gumba liliendelea kugonga, mbele kidogo ya spika, likipiga bado ile ya 1952, na kule gitaa la mtu mzima likija nyuma yake bila haraka.